ThinkPad T450 ya Mtumba na Linux Mint 22: Je, Inabeba Darasa Mubashara?

Ndugu watazamaji, karibuni. Mashine mnayoiona mezani hapa Arusha ni ThinkPad T450 ya mwaka 2015, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tano, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, yaani kompyuta mpakato ya aina inayouzwa kama mtumba. Nimeichagua kwa makusudi. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, hivyo mwalimu wa tuisheni mwenye mashine kama hii amebaki na chombo kizima ambacho mfumo wake umeachwa njiani. Ninachotaka kujua ni kama Linux, mfumo endeshi unaoweza kushika nafasi ya Windows, inaweza kukifanya kibebe darasa mubashara bila kumwaibisha mwenyewe mbele ya wanafunzi. Kwa mwalimu, jibu langu ni ndiyo. Kwa mwanafunzi, jibu linategemea namna chuo chake kinavyotoa mitihani, na hilo nitalifikia.

Mfumo niliouweka ni Linux Mint 22, toleo la Cinnamon, uliotoka mwaka 2024, ambao umejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa familia ya Linux, na utaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029. Sifa yake ambayo wanunuzi wengi hawaitumii ni kwamba unawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Nendeni dukani na flashi hiyo, muombe muuzaji aiwashe mashine kwayo, kisha mjiunge na Wi-Fi na kufungua katika kivinjari ukurasa wa kuingilia kikao cha Jitsi Meet, huduma ya mikutano ya video. Hapo mtajiona kwenye kamera na kuona kipimo cha maikrofoni kikipanda mnapozungumza, kabla hamjatoa hata shilingi. Mashine zenye Wi-Fi ya Broadcom ndizo zinazoweza kuhitaji dreva ya ziada, yaani programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa hicho, na ni afadhali jambo hilo mligundue mkiwa bado dukani.

Sasa tuje kwenye darasa lenyewe. Google Meet, Jitsi na BigBlueButton hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Zoom ina programu yake kamili ya Linux. Microsoft Teams iliwahi kuwa nayo, lakini programu hiyo iliondolewa mwaka 2022, na sasa huna budi kuifungua kwa kivinjari. Mimi sioni hasara kubwa katika hilo.

Penye kuhitaji umakini ni kushirikisha skrini. Linux ina njia mbili za kuchora picha kwenye kioo: X11, ambayo ni ya zamani, na Wayland, ambayo ni mpya na yenye ulinzi mkali zaidi, kwa kuwa hairuhusu programu kuchungulia dirisha la programu nyingine bila wewe kuidhinisha. Ulinzi huo ni mzuri, ila katika baadhi ya mifumo na programu umeleta hali ambapo mwalimu anaamini anaonyesha somo ilhali wanafunzi wanatazama weusi mtupu. Cinnamon hutumia X11 kama chaguo la kawaida, na hiyo ndiyo sababu kuu iliyonifanya niipendekeze badala ya mifumo mingine inayopendeza zaidi machoni. Kuna jambo jingine: katika kivinjari cha Chrome kwenye Linux, ukishirikisha skrini nzima, kwa kawaida sauti ya kompyuta haiendi. Ikiwa unataka wanafunzi wasikie video, shirikisha kichupo (tab) chenye video hiyo peke yake na uweke alama kwenye kisanduku cha sauti.

Kuhusu sauti, acheni vipokea sauti vya Bluetooth. Maikrofoni yake inapowashwa, kifaa huhamia kwenye hali ya simu na sauti hushuka ubora papo hapo. Vya waya, hata vile vya bei ndogo, ni salama zaidi, na programu ya pavucontrol itakuonyesha ni maikrofoni ipi inayotumiwa na kivinjari.

Kwa wanaofundisha hisabati, Xournal++ hufungua faili la PDF na kukuruhusu kuandika juu yake kwa kalamu ya kielektroniki. Vibao vingi vya Wacom hutambulika mara tu unapovichomeka. Katika eneo hili sikuona sababu ya kuikumbuka Windows.

Udhaifu wa mashine ni prosesa yake yenye viini (cores) viwili tu. Ukiweka nyuso za darasa zima kwenye kioo kwa pamoja, feni huanza kuvuma na maikrofoni ya ndani huudaka mvumo huo, kwa hiyo chagueni mwonekano wa mzungumzaji mmoja. Upande wa umeme, T450 imewazidi wadogo zake wembamba: ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya kuchomoa, na unaweza kubadilisha ile ya nje bila kuzima kompyuta. Ruta ikizimika kwa sababu umeme umekatika, unganisheni simu kwa waya wa USB, nayo Linux itaiona kama mtandao wa waya. Kumbukeni tu kwamba video inayopita kwa kilobiti 600 kwa sekunde humaliza takriban MB 270 za bando kwa saa, na hiyo ni kwa upande mmoja wa mawasiliano.

Nimalizie na mwanafunzi. Safe Exam Browser, programu inayofunga kompyuta wakati wa mtihani, haina toleo rasmi la Linux, na LockDown Browser ya Respondus vilevile haina. Kama chuo chako kinatumia mojawapo, Linux itakuhudumia vizuri muhula mzima kisha ikuache mlangoni siku ya mtihani. Ulizeni ofisi ya mitihani kwanza. Ikiwa jibu ni kwamba programu hizo zinahitajika, tafuteni mashine ya kizazi cha nane au zaidi, hata kama itawalazimu kusubiri na kuongeza fedha.