Tahadhari: ameniuzia tairi zilizokufa, na mimi nikanywa kahawa yake

Ndugu zangu wa Mombasa, nimekaa na jambo hili siku kumi na moja nikiona haya kuliandika, kwa sababu wengi wenu mnanijua kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomesha namba za tairi kila tunapokutana Mama Ngina. Leo naandika kwa kuwa haya hazitanirudishia shilingi 54,000 zangu, na kwa kuwa juzi nilipopita nilimkuta muuza tairi aliyenitapeli bado amefungua duka na bado ana mteja mbele yake.

Toyota Altezza yangu mnaijua. Inavaa tairi za 215/45 R17, saizi ambayo ukiiulizia madukani utaonyeshwa tairi za Probox na za Premio mpaka uchoke. Nilizunguka Jumamosi nzima kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari bila kupata nne zinazofanana, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye nguvu za farasi 210, sikutaka kulivika viraka. Ndipo nikaelekezwa kwake.

Nieleweni kwa nini nilimwamini. Kabla sijataja saizi alitoka nje, akachutama karibu na gurudumu la mbele, akalipapasa, akaniuliza, "Sheikh, hii ni RS200 au ni ile ya silinda sita?" Alizijua aina za Altezza kwa majina, na hapo nusu ya akili yangu ilikuwa imekwisha kununuliwa. Akaendelea kunieleza kwamba nisikubali kutiwa tairi yenye herufi H, kwa kuwa mwisho wake ni kilomita 210 kwa saa, bali nitafute W inayofika 270, na kwamba namba 87 iliyo kando yake maana yake ni kuwa kila tairi inabeba kilo 545. Yote hayo ni kweli. Hakuna hata neno moja la uongo alilolisema siku ile kuhusu tairi kwa jumla, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa maana uongo wake wote aliuweka kwenye tairi zangu peke yake.

Juu ya meza alikuwa na tairi moja ya mfano, mpya, ingali na vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Alinishika kidole, naam, alinishika kidole kama mwalimu wa chuoni amshikavyo mtoto, akakipitisha juu ya tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni: 0924, yaani wiki ya tisa ya mwaka 2024. Akasema, "Mji huu una wezi, sheikh wangu. Usinunue tairi hujaisoma tarehe." Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa najua kusoma tarehe hizo miaka mingi kabla ya kumjua yeye, lakini niliitikia kama mwanafunzi, na nadhani alijua kwamba mtu anayefundishwa jambo analolijua hujiona ameheshimiwa.

Vijana wake wakalipeleka gari nyuma ya jengo, penye kivuli na mashine. Mimi nikaletewa kahawa chungu na kipande cha halua. Nilisikia jeki, nikasikia mashine ya kuvulia tairi ikilia, nikaona kwa mbali tairi zikipita zimeviringishwa plastiki, na sikuinuka. Jua la saa saba lilikuwa linawaka, naye alikuwa akinisimulia Safari Rally ya mwaka 1994, Ian Duncan alipoishinda kwa Toyota Celica, na mwenye Toyota ya mbio hawezi kuinuka katikati ya hadithi hiyo. Nilikunywa vikombe viwili. Nilipoitwa, gari lilikuwa limeshuka kwenye jeki, tairi nyeusi zinang'aa, na tarehe hazionekani. Nilimuuliza. Akanijibu, bila kupepesa, kuwa tarehe kiwandani hupigwa upande mmoja tu na kwamba upande huo umeingia ndani. Hilo nalo ni kweli, kwa kuwa sheria haiwalazimishi kuiandika pande zote mbili. Nikatuma pesa kwenye namba aliyonitajia, jina la mwanamke likatokea, akasema ni la mkewe. Mashine ya risiti ilikuwa "inasumbua", kwa hiyo nikaandikiwa karatasi yenye maneno mawili: tairi nne.

Njiani nilisikia mvumo mdogo kutoka nyuma, nikajiambia kuwa ndivyo tairi za kasi zinavyolia. Hata hapa kundini niliwaandikia hivyo, na kuna waliopongeza.

Mvua ilinyesha siku ya tisa tangu nizinunue. Ilikuwa baada ya isha, nikiteremka Daraja la Nyali kuelekea Kongowea kwa mwendo usiozidi hamsini, barabara imelowa kwa robo saa hivi. Niliachia mafuta kidogo ili nipunguze gia, basi, na mkia wa gari ukaondoka. Haukuyumba, uliondoka, kana kwamba mtu ameuvuta kwa kamba upande wa kushoto. Nilizungusha usukani kuufuata, ukarudi, ukapitiliza, ukaondoka tena, na gurudumu la nyuma la kushoto likajibamiza kwenye ukingo wa barabara na kumega rimu kipande cha ukubwa wa dole gumba. Nyuma yetu matatu ilipiga breki na honi kwa pamoja. Mama watoto alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na kimya chake kilinikata kuliko ambavyo angenisema.

Asubuhi nilimpelekea fundi wa pancha, kijana anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, asiye na meza wala halua. Alizivua zote nne, akaniita, "Njoo uone mwenyewe, mzee." Zile mbili za mbele zilisoma 3113, yaani zilitengenezwa katikati ya mwaka 2013. Alibonyeza ukucha kwenye mpira wake, ukucha ukateleza bila kuacha alama, kama aliyebonyeza sahani. Moja ya nyuma ilisoma 4411, na ile ya pili tarehe yake ilikuwa imesagwa kwa msasa mpaka ubavu ukawa laini. Hizo mbili za nyuma hazikuwa hata mpya. Zilikuwa tairi kipara zilizochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto kisha zikapakwa rangi. Mnajua vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo mpira ukichakaa mpaka kuvifikia unajua kina kilichobaki ni milimita 1.6 na tairi imekwisha? Kisu kilikuwa kimevipasua katikati na kushuka chini zaidi, na katika mfereji mmoja waya zilikuwa zinachungulia, zimeanza kutu. Ndizo nilizokuwa nimembebea mke wangu.

Tena kuna hili, ambalo nasita kulikiri. Tairi za mbele ni za aina isiyofanana pande zake, na upande uliotazama nje ulikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya "ndani", limeandikwa kwa herufi kubwa. Zilivishwa kinyume ili tarehe ifichike. Neno hilo nililiosha kwa sabuni mara mbili.

Nilipompigia simu aliniambia, "Sheikh, tairi si maziwa, haichachi kwa kulala." Huo ni upuuzi. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, kwa joto na kwa hewa yenyewe, na joto letu la pwani halimhurumii mtu. Watengenezaji wengi husema tairi ikifika miaka kumi tangu itengenezwe iondolewe hata kama meno yake ni mazima. Nilipomuuliza kuhusu zilizochongwa alisema vijana walichanganya, niongeze elfu ishirini anibadilishie. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena. Nilikwenda dukani nikaambiwa amesafiri Lamu, na kikombe chake cha kahawa kilikuwa mezani kinafuka moshi, kando ya ile tairi ya 0924.

Mtu huyu anyang'anywe leseni na kaunti, ghala lake lifunguliwe mbele ya watu, na apandishwe kizimbani, maana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haikuandikwa ili ipambe kabati. Mimi ningependa zaidi akalishwe kiti cha abiria juu ya tairi zile zile, usiku wa masika, kwenye mteremko wa Mazeras, na lori la kontena likiwa nyuma yake, kisha anisimulie Safari Rally.

Kwa wanaotafuta tairi wiki hii: simameni penye mashine. Someni tarehe ya kila tairi kabla haijaingia kwenye rimu, si ya ile iliyo mezani, na mtazame vile vituta vya ndani ya mifereji kama ni vizima. Jina la M-Pesa lisilo la duka, mimi niliona, nikajitia sikuona.

Taarifa nimeandikisha polisi na namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, ninayo. Tairi zote nne ziko kwangu barazani, sijazitupa wala sitaziuza. Ye yote mwenye tairi kutoka kwa mtu huyo azivue azikague, kisha aniandikie faraghani, kwa sababu afisa ameniambia malalamiko ya mtu mmoja yatakaa mezani na ya watu watano yatatembea. Mpaka sasa tuko wawili.