Besi juu au chini? Uzoefu wangu na gitaa la shingo mbili

Wauzaji wa magitaa ya shingo mbili hukueleza mbao, pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na rangi. Swali linaloamua kama utalipiga au litabaki kuning'inia ukutani hawaligusi: besi iko juu au iko chini? Nililonalo mimi lina besi ya nyuzi nne juu na gitaa la nyuzi sita chini. Kampuni siitaji, maana mpangilio huu unauzwa na wengi. Nalipatia alama sita kati ya kumi. Sauti ni safi, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) zimenyooka, mbao haina neno. Alama nne zote zimepotelea kwenye mpangilio wa shingo.

Tuanze na vipimo. Uzi wa besi, toka nati (kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa) hadi daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini), una urefu wa milimita 864, zile inchi 34 za kawaida. Wa gitaa ni milimita 648. Madaraja yote mawili yako kwenye mstari mmoja, kwa hiyo nati ya besi iko mbele ya nati ya gitaa kwa sentimita 21 na ushee. Toka katikati ya shingo moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 120. Uzito ni kilo 5.8 bila mkanda.

Sasa simamisha rula kwenye nati ya gitaa uone inakata wapi upande wa besi. Inaangukia freti ya 5, karibu kabisa. Haikutokea kwa bahati: 864 ukiigawa kwa 648 unapata moja na theluthi, na huo ni uwiano wa nusu toni tano, yaani freti tano. Maana yake freti ya 1 hadi ya 5 za besi hazipakani na shingo ya gitaa. Zinapakana na kichwa chake, na vifunguo vitatu vya kukazia nyuzi nene vimechomoza kwenda juu, mle mle ambamo kiganja cha kushoto kinatakiwa kupita.

Toka ukingo wa chini wa shingo ya besi hadi ncha ya kifunguo cha gitaa nimepima milimita 41. Kiganja changu, dole gumba likiwa nyuma ya shingo na vidole vikishuka kwenye uzi wa D au wa G, kinataka kama 55. Hapo kitu lazima kisogee, na kinachosogea ni kifunguo. Chukua wimbo wa C, ambao kwenye dansi uko kila usiku: C unaipata uzi wa A freti ya 3, F uzi wa D freti ya 3, G uzi wa D freti ya 5. Kifunguo cha E cha gitaa kiko mkabala na freti ya 3 na ya 4, kwa hiyo kila ukitua kwenye C na F kisigino cha kiganja kinakisukuma. Ukihamia freti ya 1 na ya 2 zamu ni ya kifunguo cha D. Ukija kubadili shingo ili upige solo, gitaa limeshalegea au limekaza, na hakuna aliyeligusa makusudi. Wengi hulaumu vifunguo kuwa vibovu na kununua vipya vya bei mbaya. Vipya navyo vitasukumwa vile vile.

Geuza mpangilio, gitaa juu na besi chini, hesabu inabadilika. Kiganja kwenye besi kinaning'inia kwenye hewa tupu, hakuna kitu chini yake. Kiganja kwenye gitaa kinapita kati ya shingo mbili tupu, kwa sababu kichwa cha besi kiko mbali mbele: kwa nafasi ile ile ya milimita 120 unapata kama 75 za kupitisha mkono. Ndiyo maana nasema, kwa besi ya inchi 34, besi iwe chini. Ukilazimika kuchukua ya juu, dai gitaa lisilo na kichwa, au lenye vifunguo vyote sita upande wa chini wa kichwa.

Mkono wa kulia una malalamiko yake, na hapa besi ya juu inajitetea. Besi ikiwa juu, kigasha cha mkono kinakaa kwenye ukingo wa mwili kama kwenye besi ya kawaida, dole gumba linapumzika juu ya pikapu, vidole viwili vinatembea. Ikiwa chini, mkono unavuka nyuzi za gitaa kwanza, kiwiko kinaacha ukingo, na mpiga besi wa vidole anahisi bega baada ya nyimbo tatu nne. Anayepiga besi kwa piki hasumbuki sana. Upande wa pili wa shilingi: besi ikiwa juu, kila ukicharaza gitaa la chini kigasha kinasugua nyuzi za besi karibu na daraja. Swichi ya kuchagua shingo ikiwa kwenye gitaa peke yake husikii kitu. Ikiwa kwenye "zote mbili" unasikia dundo zito la kila pigo, na spika ya besi inalikuza vizuri mno.

Wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Geddy Lee wa bendi ya Rush alipiga Rickenbacker 4080/12 yenye besi juu na gitaa la nyuzi kumi na mbili chini. Mike Rutherford wa bendi ya Genesis alipiga Shergold yenye nyuzi kumi na mbili juu na besi chini. Huyo wa kwanza ni mpiga besi kabla ya yote, huyo wa pili alikuwa akigawana muda kati ya vyote viwili. Gibson EDS-1275, ile inayojulikana kwa Jimmy Page wa Led Zeppelin, usiitumie kama mfano kwenye mjadala huu. Shingo zake mbili, ya nyuzi 12 juu na ya 6 chini, zina urefu sawa, vichwa vinakaa sambamba, na tatizo la besi ndefu halipo.

Mizani ya chombo nayo inategemea shingo. Kanuni ya mafundi ni kwamba pembe ya juu ya mwili, pale mkanda unapofungwa, ifike usawa wa freti ya 12 ya shingo ndefu. Langu limeishia freti ya 15, yaani pungufu ya sentimita 7. Matokeo yake kichwa cha besi kinaanguka ukiachia mkono. Tena, kwa kuwa shingo nzito ndiyo ya juu, ukingo wa juu wa mwili unalala mbele, mbali na kifua, na unajikuta umeinama kuzitazama freti. Mkanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 9, upande wake wa ndani ukiwa haujang'arishwa, unapunguza kuteleza. Vifunguo vyepesi vya besi vinasaidia zaidi, kwa sababu gramu zinazotoka ncha kabisa ya shingo ndizo zenye nguvu kubwa ya kuvuta.

Besi fupi ya inchi 30, milimita 762, inaponya mengi. Nati ya gitaa inaangukia karibu na freti ya 3, mkono haunyooki mno, na chombo hakipigi mbizi sana. Ila nunua nyuzi zilizotengenezwa kwa besi fupi. Za besi ndefu zinafika, lakini sehemu nene inalazimika kujizungusha kwenye kifunguo, waya wa nje unafunguka, uzi unakufa sauti. Na chukua nene kidogo, unene wa 50 hadi 105 (kwa elfu za inchi), la sivyo E italegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Nyaya za umeme nimezibadilisha zote. Kiwandani waliweka jeki moja ya mono, kwa hiyo besi na gitaa vinaingia amplifaya moja. Ukiipeleka besi kwenye amplifaya ya gitaa kwa sauti ya ukumbini unaihatarisha spika. Ukilipeleka gitaa kwenye ya besi linatoka limefunikwa blanketi. Dawa ni jeki ya stereo: ncha ya kwanza shingo ya juu, ya pili shingo ya chini, kisha kebo ya Y inayogawa kwenda amplifaya mbili. Anayetaka kubaki na jeki moja afanye jambo hili dogo: kwenye vidhibiti vya sauti abadilishane waya wa kuingia na wa kutoka, pikapu iende mguu wa katikati, kutoka iwe mguu wa pembeni. Bila hivyo, swichi ikiwa katikati, ukishusha sauti ya shingo moja hadi sifuri unazima zote mbili.

Shingo isiyopigwa huwa hainyamazi. Nyuzi zake zinatetema kwa kuitikia jirani, na kwenye sauti kubwa zinaanza kulia zenyewe. Mpira wa nywele wa kitambaa, uliovutwa juu ya nati, unazinyamazisha za gitaa. Kwa besi nabana kipande cha sponji chenye unene wa sentimita moja chini ya nyuzi, karibu na daraja. Ukibadili shingo unasukuma mpira nyuma ya nati kwa kidole kimoja.

Marekebisho ya shingo yafanye moja moja, chombo kikiwa kimelazwa juu ya godoro la sponji, maana mezani hakikai. Bana freti ya 1, bonyeza ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na freti ya 8: gitaa milimita 0.2, besi 0.3 hadi 0.4. Chuma cha ndani ya shingo, kinachorekebisha mpindo wake, kizungushe robo duara tu, kisha ngoja hadi kesho. Kwa wakaao mwambao, joto na unyevu vitakurudisha kwenye kazi hii mvua zikibadilika.

Wanaopiga rumba ya Kikongo wana faida moja hapa. Shingo ya gitaa unaweza kuiacha kwenye mi-composé, ufungaji wa nyuzi wa rumba hiyo, muda wote: uzi wa nne (D) unatolewa, unawekwa mwembamba wa 10 uliopandishwa hadi D ya juu. Mfereji wa nati uliochongwa kwa uzi mnene utakuwa mpana na uzi utakereza, kwa hiyo jaza unga wa mfupa na tone la gundi kali, kisha chonga upya.

Ukienda dukani nenda na rula. Pima nafasi kati ya shingo ya juu na chochote kilicho chini yake kwenye freti ya 3; pungufu ya milimita 55, acha. Vaa mkanda, achia mikono yote miwili, hesabu hadi kumi. Uliza kama wanalo sanduku lake, kwa sababu gitaa langu lina urefu wa sentimita 117 na upana wa 45, mifuko ya besi ya kawaida haliingii, na stendi za kawaida hazilishiki.