Debian ndani ya simu: miezi mitatu ya kutunza hesabu za kikoba bila kompyuta

Kompyuta mpakato yangu ilikufa siku ambayo umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja hapa Soweto, Moshi. Fundi aliyeifungua alinionyesha sehemu ya bodi iliyoungua, akaniambia kwamba gharama ya kuibadilisha ingekaribia bei ya kununua kompyuta nyingine iliyotumika. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanachama 28, na zilikuwa zimebaki wiki tano tu tugawane akiba za mwaka. Faili la hesabu nilikuwa nalo kwenye flashi, lakini programu ya simu niliyojaribu kulifungulia ilivuruga fomula zilizounganisha karatasi ya hisa na karatasi ya mikopo, na kuzisahihisha kwa kidole gumba ni kazi ambayo sikuiweza hata nusu saa.

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta Arusha, ndiye aliyenizuia nisikope fedha. "Mjomba, usinunue kitu kwanza," aliniambia kwa simu. "Hiyo simu yako ina RAM ya GB 6, inabeba Debian bila shida." Debian ni mfumo wa kompyuta wa bure, wa familia ya Linux. Nilidhani anataka kuifuta Android na kuweka mfumo mwingine, jambo ambalo nisingekubali kwa sababu namba ya fedha za kikoba imo humo humo. Alinieleza kwamba Android inabaki ilivyo, na Debian inakaa ndani ya programu moja tu ya kuandikia amri iitwayo Termux, kama mpangaji ndani ya chumba chake.

Tahadhari ya kwanza aliyonipa naiona ni ya lazima kwa yeyote atakayejaribu: Termux ipakuliwe kutoka F-Droid, duka la programu huria, kwa kuwa toleo lililokuwa Play Store liliachwa nyuma tangu mwaka 2020, na vifurushi vyake vikaanza kugoma. Baada ya hapo kazi yenyewe ni amri chache. Niliandika `pkg update`, kisha `pkg install proot-distro`, kisha `proot-distro install debian`, na hatimaye `proot-distro login debian`. Nilipobonyeza kitufe cha mwisho nikajikuta ndani ya Debian kamili yenye maelfu ya vifurushi, bila kufungua kufuli la mfumo wa simu (bootloader) wala kuhatarisha chochote.

Inafaa kueleza kinachofanyika hapo, kwa sababu ndicho chanzo cha uzuri na cha udhaifu wa mpango mzima. Debian hii haina kiini (kernel) chake yenyewe, yaani sehemu inayoongoza maunzi ya kifaa. Inatumia kiini cha Linux ambacho kila simu ya Android inacho tayari. Programu iitwayo PRoot hukaa katikati, na kila mara programu ya Debian inapoomba faili, PRoot hulidaka ombi hilo na kubadilisha njia ya faili ili programu iamini kwamba iko kwenye mzizi wa mfumo wake halisi. Udanganyifu huo hauhitaji ruhusa ya mkuu wa mfumo (root), lakini una gharama: kazi inayogusa mafaili madogo mengi huburuta miguu. Usanikishaji wa XFCE (mazingira ya dawati), LibreOffice (programu za ofisi) na kivinjari cha Firefox ulinichukua jioni nzima, ukanimalizia bando la GB 2, na kuacha pengo la karibu GB 4 kwenye hifadhi ya simu.

Katikati ya usanikishaji mfumo uliniuliza mpangilio wa kibodi, na katika orodha ile ndefu nikaona Kiswahili cha Tanzania kimeandikwa peke yake, mbali na kile cha Kenya. Sikukichagua, kwa sababu kibodi niliyoinunua kwa shilingi 18,000 ni ya Kiingereza cha Marekani, lakini nakiri kwamba nilitabasamu.

Mazingira ya dawati hayaonekani yenyewe. Ndani ya Debian huwashwa seva ya VNC, inayotuma picha ya dawati, kisha programu nyingine ya Android, nami natumia AVNC, huunganishwa na anwani `localhost:5901` ili kuionyesha picha. Mara ya kwanza nilipata kioo cha kijivu kisicho na kitu, na nilipoteza usiku mmoja kabla ya kugundua kwamba kifurushi kiitwacho `dbus-x11` hakikuwemo. Kilipoingia, dawati la XFCE likajitokeza likiwa na menyu, folda na kipanya chake, sawasawa na lile nililowahi kuliona kwenye kompyuta za maktaba. Mke wangu alikuja kuangalia, akauliza kama sasa simu itaweza pia kupika.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kuingiza marejesho ya mikopo, dawati lilitoweka ghafla na Termux ikaandika kwamba mchakato umekatishwa kwa ishara namba 9. Nililirudisha, likatoweka tena baada ya dakika kumi. Nilianza kwa kuilaumu Debian, na nilikuwa nimekosea. Kuanzia Android 12, mfumo wa simu huhesabu michakato midogo inayozaliwa na programu zote, na idadi ikizidi 32 huanza kuiua. Dawati la XFCE pamoja na LibreOffice hufika idadi hiyo bila jasho. Kwenye Android 14 na kuendelea kuna swichi ya kuzima kizuizi hicho katika mipangilio ya wasanidi, lakini simu yangu ni ya Android 13, kwa hiyo ilibidi kupita mlango wa nyuma wa adb, chombo cha kuiamuru Android kwa maandishi.

Hapo ndipo mpwa wangu alipopanda basi la Moshi mwishoni mwa wiki. Utatuzi wa adb bila waya unadai simu iwe imeunganishwa na Wi-Fi, nami nyumbani sina, basi akawasha mtandao wa simu yake, ambayo hata bando haikuwa nalo, na ikatosha. Tuligawanya kioo nusu kwa nusu, kwa sababu namba ya kuoanisha hubadilika ukilifunga dirisha lake, tukaiingiza ndani ya Termux, kisha tukaandika amri hii moja: `adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false`. Tangu siku ile ishara namba 9 sijaiona tena. Niliiruhusu pia Termux kubaki macho kupitia kitufe kilichopo kwenye taarifa yake, na nikaiondoa kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri.

Baada ya hayo, kazi ya hesabu imeenda vizuri kuliko nilivyotarajia. LibreOffice Calc huchukua kama sekunde ishirini kufunguka, lakini ikishafunguka fomula zote zinajibu papo hapo, na karatasi ya hisa na ya mikopo zinasomana kama zamani. Katika programu ya kuandikia, kamusi ya tahajia ya Kiswahili inasaidia sana nikiandika muhtasari wa kikao, ingawa maneno yetu ya kikoba huyapigia mstari mwekundu bila huruma. Uchapishaji sikujisumbua nao: nahifadhi faili la PDF kwenye hifadhi ya kawaida ya simu, natuma kwa WhatsApp kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, nalipa kwa kurasa.

Firefox ni mzigo. Inafungua kurasa nyepesi, lakini video ndani yake hukwamakwama, na sioni sababu ya kuitumia wakati kivinjari cha Android kipo hatua moja pembeni. Programu zinazosambazwa kwa mtindo wa snap hazifanyi kazi kabisa, kwa sababu chini ya PRoot hakuna systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ya kuziendesha.

Kioo ndicho kilichonitesa zaidi, na hakuna amri inayokitibu. Simu nyingi za bei ya kati, yangu ikiwemo, hazitoi picha kupitia tundu la USB, kwa hiyo kuiunganisha na televisheni kwa waya haiwezekani. Niliongeza ukubwa wa herufi katika mipangilio ya XFCE na kupunguza ukubwa wa dawati hadi 1280 kwa 720, na bado nikifanya kazi saa mbili mfululizo macho yanalia. Simu pia hupata joto, na kibodi inapokuwa imechomekwa kwa waya wa OTG siwezi kuchaji kwa wakati huohuo, hivyo betri ndiyo inayoamua lini nipumzike.

Jambo moja zaidi kwa wenye nia: Debian yote inakaa ndani ya hifadhi ya siri ya Termux, na ukiiondoa Termux kwenye simu, kila kitu kinaondoka nayo. Mimi huendesha `termux-setup-storage` mapema na kuweka mafaili ya kikoba nje, kwenye folda ambayo simu yenyewe inaiona. Wenye simu mpya wanaweza wasihitaji mzunguko huu wote, kwani tangu Machi 2025 Google imeweka kwenye simu zake za Pixel programu ya terminali inayoendesha Debian ndani ya mashine pepe halisi, isiyotegemea ujanja wa PRoot.

Mgao tuliufanya siku ileile iliyopangwa. Wanachama 28 walisomewa hisa zao kutoka kwenye karatasi zilizotoka ndani ya simu, na mama mmoja alidai hesabu irudiwe mara mbili, ikatoka vilevile. Wiki iliyopita fundi alinipigia kuuliza kama nimeshapata fedha ya bodi. Nilimwambia aniwekee diski peke yake, ina hesabu za mizunguko ya zamani, na kilichobaki anaweza kukitumia kama vipuri.