Hoki ya barafu ukiwa Mwanza: lipia kwa mwezi, si kwa msimu

Kifurushi cha kutazama mtandaoni mechi zote za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, kinafaa, ila mkazi wa Mwanza ajipange. Mechi ya saa 1 jioni kule Buffalo, mashariki mwa Marekani, huku ni saa 9 usiku. Kati ya Machi na Novemba mapema, saa zao zikisogezwa mbele, ni saa 8. Mechi huchukua kama saa mbili na nusu na hula GB 4 hadi 5 kwa ubora wa picha wa 720. Usishuke chini ya hapo: paki, kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo, ina upana wa sentimita 7.6 tu, na kwa 480 inapotea kabisa kila wakisukumana ukutani. Bando la usiku linatosha, lakini soma linakwisha saa ngapi, maana mengi hukata alfajiri, muda wa nyongeza ukiwa ndiyo unaanza.

Kubwa ni malipo. Shabiki wa Buffalo Sabres alikosa mtoano misimu 14 mfululizo, 2011/12 hadi 2024/25. Timu ikishakata tamaa Februari, kwa nini uendelee kulipa hadi Aprili? Tena kuna migogoro ya wamiliki na wachezaji. Msimu wa 2004/05 ulifutwa wote kwa ugomvi wa ukomo wa mishahara. Wa 2012/13 ulianza Januari, mechi 48 badala ya 82. Inauma sana: wanagombania mabilioni, anayeumia ni shabiki. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye masharti kipengele cha kurudishiwa pesa ligi ikisimama. Kama hakipo, msimu mzima usiuguse.