Hawkman: Awakening, kitabu kilichoingia kwenye fundo la karibu miaka 80, je kimelifungua?

Haya wadau karibuni tena, leo nimeshika kitu hiki hapa, ngoja nisogeze kamera kidogo muone jalada, eeh hapo, Hawkman: Awakening, kitabu cha komiki cha kampuni ya DC kuhusu shujaa mwenye mabawa, kimeandikwa na Robert Venditti na kuchorwa na Bryan Hitch, kilianza kutoka 2018 toleo moja moja halafu wakakusanya namba 1 mpaka 6 ndo ikawa kitabu hiki. Nimekisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa raha zangu, mara ya pili kwa sababu ya ubishi.

Ubishi wenyewe ulikuwa na mdogo wangu. Mi nimeanza kumjua Hawkman kupitia komiki za JSA, yaani Justice Society of America, lile kundi la mashujaa wakongwe, za mwanzo wa miaka ya 2000, kwa hiyo kwangu mimi huyu jamaa anaitwa Carter Hall, kwenye maisha yake ya zamani alikuwa mwana wa mfalme wa Misri ya kale anaitwa Khufu, aliuawa na kuhani yeye na mpenzi wake, na tangu hapo wanakufa wanazaliwa upya wanatafutana. Basi. Mdogo wangu kakulia kwenye ile katuni ya Justice League ya 2001, anamjua Hawkgirl wa mle, Shayera Hol, mpelelezi kutoka sayari ya Thanagar, kwa hiyo yeye ananiambia "kaka hapana, hao watu wa mabawa ni wageni kutoka anga za juu, Misri umeitoa wapi?" Tukabishana mpaka mama akaja kutuzimia taa. Na kinachoniuma ni kwamba wote wawili tulikuwa sawa. Kabisa! Wote tulikuwa na ushahidi wa maandishi.

Sasa kabla sijawaambia kama kitabu ni kizuri lazima niwaonyeshe tatizo, maana ukikisoma bila kujua tatizo utakiona ni hadithi tu ya jamaa mwenye mabawa na rungu anapiga watu.

Hawkman alitoka mara ya kwanza Januari 1940, Flash Comics namba 1, kazi ya mwandishi Gardner Fox na mchoraji Dennis Neville. Huyo ndo Carter Hall wa Misri. Komiki za mashujaa zikapoa, zikaja zikarudi, na 1961 huyohuyo Gardner Fox, safari hii na mchoraji Joe Kubert, wakamleta Hawkman mpya kwenye The Brave and the Bold namba 34. Jina Katar Hol, kazi polisi wa Thanagar, amekuja duniani na mkewe Shayera wanamfukuza mhalifu anaitwa Byth anayejibadilisha maumbo, wakabaki hapa wakawa wasimamizi wa jumba la makumbusho. Na jina alilochagua kujificha nalo hapa duniani ni lipi? Carter Hall. Yaani kama vile majina yameisha!

Hapo bado hakuna shida lakini. Mwaka huohuo 1961 kwenye The Flash namba 123 walishatuambia kuna dunia mbili, mashujaa wa zamani wako dunia yao, wa sasa wako dunia yao, kwa hiyo Carter yuko kule na Katar yuko huku, kila mtu na mke wake na kila mtu na makumbusho yake. Safi.

Shida ilianza 1985. DC wakatoa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12, Marv Wolfman na George Pérez, lengo lilikuwa kupunguza dunia zibaki moja ili msomaji mpya asichanganyikiwe. Nia njema kabisa. Ila ukichukua dunia mbili ukazifanya moja, kila aliyekuwa na mwenzake wa jina moja sasa anakaa naye nyumba moja, na Hawkman ndo alipata kiwewe kuliko wote.

Hata hivo wangeweza kuponea hapo. Carter ni mzee wa vita vya zamani, Katar ni kijana aliyekuja baadaye, kwisha habari. Sasa 1989 akaja Timothy Truman na Hawkworld, vitabu vitatu, na niseme ukweli ni kazi nzuri mno, Katar ni polisi mtoto wa kitajiri, matajiri wanakaa kwenye minara juu na wageni wa sayari nyingine wamesongamana chini huko kwenye uchafu, bosi wake Byth ni mla rushwa, kijana mwenyewe anaingia kwenye madawa ya kulevya. Kali. Ilipendwa, kwa hiyo 1990 ikapewa mfululizo wa kila mwezi, na hapo ndo mtu mmoja ofisini akaamua kwamba hii hadithi haikutokea zamani, inatokea SASA HIVI. Katar ndo kwanza anashuka duniani leo.

Mmeelewa maana yake? Katar alijiunga na Justice League, lile kundi la mashujaa wakubwa wa DC, kwenye komiki za 1964. Kama leo ndo kwanza amefika, yule aliyekuwa anakaa kwenye vikao vya Justice League miaka yote ile ni nani?

Majibu yao ndo hayo yanayonifanya niipende hii sanaa na kuichukia kwa wakati mmoja. Vikao vya zamani wakampa yule mzee Carter Hall, sawa, anafanana, ana mabawa, tunapita. Lakini kuna matoleo ya miaka ya 80 ambapo Hawkman yuko kwenye ligi na anasema kwa mdomo wake kwamba ametoka Thanagar, mzee wa Misri hawezi kusema hivo. Ikabidi waumbe mtu mzima mpya, Fel Andar, mpelelezi wa Thanagar aliyejipenyeza duniani akijifanya ni mtoto wa Carter Hall, akaoa mwanamke wa duniani akamfanya aamini kwamba na yeye ni mtu wa Thanagar, na ligi nzima, yenye watu wanaosoma mawazo humo ndani, haikushtuka. Hii ndo ile wanasema kuruka mkojo ukakanyaga mavi, mtaniwia radhi.

Halafu 1994 wakajaribu tena na Zero Hour, ile ambayo namba zake zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka 4 mpaka 0, humo wakamchukua Carter, mkewe Shiera na Katar wakawayeyusha wote wakawa kiumbe mmoja, mungu wa mwewe sijui. Sitaki kuongelea. Mambo yaliharibika mpaka Grant Morrison alipokuwa anaandika JLA, anataka mtu wa mabawa, akazuiwa kumgusa Hawkman, akaenda kutengeneza malaika kabisa, Zauriel, 1997. Yaani mhusika wa tangu 1940 amekuwa kama nyumba yenye kesi mahakamani, hakuna anayetaka kupanga. Mpaka 2001 kwenye JSA ndo wakamrudisha Carter wa Misri, na mwenzake safari hii ni binti anaitwa Kendra, ana roho ya yule mpenzi wa zamani lakini hakumbuki chochote, Carter anamwangalia kama mke na yeye anamwangalia kama mgeni. Hiyo nilipenda, ndo iliyonifanya niwe shabiki.

Haya, sasa turudi kwenye kitabu.

Wengi waliotangulia waliposhika huu uzi uliojisokota walichukua mkasi. Hii haikutokea, huyu hakuwepo, funika kombe mwanaharamu apite. Venditti hakukata. Yeye alichofanya ni kuuliza swali moja tu: nani alisema Carter anazaliwa upya hapa duniani peke yake? Na nani alisema maisha yake yanafuatana kwa mstari, hili likiisha linaanza lile? Kwenye kitabu hiki Carter anagundua kwamba amekuwa akizaliwa kila mahali na kila wakati, sayari nyingine, zama nyingine, na maisha mawili yanaweza kabisa kuwa yanaendelea kwa pamoja. Kwa hiyo Khufu ni yeye. Carter ni yeye. Katar Hol wa Thanagar, ambaye kwa miaka mingi mashabiki tumegombana kama ndiye au siye, ni yeye pia. Huko mbele anatokea hadi mmoja wa Krypton, sayari alikotoka Superman, anaitwa Catar-Ol, jamani, nilicheka peke yangu.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatembea kidogo chumbani. Kwa sababu angalia alichokifanya, hakuna komiki hata moja niliyosoma iliyofutwa. Ile ya mdogo wangu ipo, yangu ipo. Ule mkanganyiko wenyewe, kile kitu kilichokuwa aibu ya ofisi, kimegeuka kuwa ndo hadithi, jamaa mwenyewe hajui yeye ni nani kwa sababu yeye ni wengi, na anafanya utafiti juu ya nafsi yake kama anavyochimba magofu. Na kazi yake ni nini? Mtaalamu wa mambo ya kale. Kazi hiyo ipo tangu zamani, Venditti ndo aliyeigeuza kuwa injini ya kitabu.

Na Hitch amechora, ee. Kuna pale Carter anapofunguliwa macho akaona maisha yake, karatasi nzima kushoto na kulia imejaa watu wa mabawa, usipite haraka, weka uso karibu, kila mmoja ana kofia yake, silaha yake, mabawa ya aina yake, mengine manyoya, mengine chuma, na bado unajua huyu ni mtu mmoja kwa jinsi tu wanavyosimama, vifua mbele, kama watu wanaotafuta ugomvi. Mdogo wangu alikaa hapo dakika nzima na kidole chake anamtafuta Katar.

Mabaya sasa, maana yapo. La kwanza, kitabu kinaanza pale ilipoishia komiki nyingine ya DC, Dark Nights: Metal, huko Carter alikuwa amegeuzwa joka la pepo anaitwa Barbatos, na hapa wanakugusia kidogo tu wanaendelea na safari. Kama hujasoma ile utajiuliza huyu kwa nini anajilaumu hivi. Kitabu kinachokuja kusafisha mkanganyiko kinaanza kwa kukuchanganya, hebu fikiria.

La pili ndo kubwa kwangu. Mwenzake yuko wapi? Nusu ya hadithi ya Hawkman ni yule mwanamke, Shiera, Shayera, Kendra, wanatafutana kila maisha. Humu Carter anahangaika bila yeye kitabu kizima, kwa sababu wakati huo Kendra alikuwa anatumika kwenye Justice League. Naelewa ni mambo ya kugawana wahusika, ila msomaji wa kitabu hayo hayamhusu, mi niliona pengo. Mfululizo unakuja kulishughulikia mbeleni lakini hapa halipo.

La tatu dogo, humu hupati jibu la kwa nini anazaliwa upya hivo. Unapata dalili tu, jeshi linaloitwa Deathbringers linakuja, na jibu lenyewe liko kitabu cha pili ambacho kinaitwa Deathbringer. Sisemi zaidi ya hapa, ila maisha yake ya kwanza kabisa hayakuwa ya mwana wa mfalme anayeonewa, na deni analolipa ni kubwa. Kwa hiyo ukinunua hiki peke yake umenunua nusu. Vipate vyote viwili, hayo matoleo 12 ya kwanza ndo uti wa mgongo. Mfululizo wote ulifika 29 ukaisha 2020, baada ya 12 wachoraji wanabadilika na kuna kipande Hawkman anaingizwa kwenye tukio la kampuni nzima, anatawaliwa na nafsi mbaya ya dunia nyingine, pale kasi inashuka, unaona kabisa mwandishi ameambiwa apishe njia.

Kama ni mgeni kabisa wa Hawkman, anza na hiki, usihangaike na historia yote niliyowaeleza, kitabu chenyewe kitakupa maisha machache unayohitaji. Kama ni mkongwe kama mimi, umeshika JSA, umeshika Hawkworld, kitakugusa zaidi maana utakuwa unatambua sura.

Nilimpa mdogo wangu vitabu vyote viwili, akamaliza kwa siku mbili, akaja mlangoni kwangu ameshika kitabu, mi najua anakuja kukubali yaishe.

"Kaka, kwa hiyo Khufu ni yeye, Katar ni yeye, na yule wa Krypton ni yeye."

Nikamwambia ndio.

"Na Fel Andar je?"

Nikakaa kimya. Nikafungua kitabu. Nikafunga. Hapana mdogo wangu, Fel Andar ni Fel Andar tu, yule kweli alikuwa mpelelezi. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini, na mpaka leo akitaka kuniudhi ananiita hilo jina.