Ribridha ipi ununue ukiwa Nairobi: nimezipanga kwa usalama

Sisi wazamiaji wa Nairobi tunaoshuka Diani, Watamu na Kisite kila tukipata likizo tumeanza kuulizana kuhusu ribridha, ule mtambo unaozungusha pumzi yako mwenyewe: chokaa ya soda inanyonya kaboni dayoksaidi, na mtungi mdogo unarudisha oksijeni uliyotumia. Mapovu hayapo, samaki hawakimbii, na unakaa chini muda mrefu. Lakini daktari Andrew Fock, katika utafiti uliochapishwa 2013, alihesabu vifo 181 vya wazamiaji wa burudani waliotumia ribridha kati ya 1998 na 2010, akakadiria hatari yake kuwa kama mara 10 ya skuba ya kawaida. Kwa hiyo sikuangalia bei. Nimeuliza jambo moja tu: kitu kikiharibika utajua mapema, na ukishajua, utapata pumzi nyingine upesi?

Kabla ya majina, kuna vitu viwili ambavyo singenunua mtambo wowote bila kuwa navyo. Cha kwanza ni vali ya dharura ya mdomoni, ile unayozungusha mara moja ukaanza kuvuta hewa ya mtungi wa akiba bila kutoa mpira wa kupumulia kinywani. Kaboni dayoksaidi ikikupanda unahema kwa hofu kiasi kwamba kubadilisha mpira kunakushinda. Cha pili ni mkanda wa kushikilia mpira mdomoni. Oksijeni ikipungua hupati onyo, unazimia tu. Ikizidi, presha yake ikapita baa 1.6, degedege linaweza kukushika chini ya maji. Katika hali zote mbili, mkanda ndio unaozuia maji kuingia mapafuni mpaka mwenzako akufikie.

1. JJ-CCR (Denmark). Ina vihisi vitatu vya oksijeni, na kompyuta ya mkononi ya Shearwater ambayo wazamiaji wengi wanaifahamu. Kilichoiweka juu ni taa ya machoni yenye betri yake yenyewe: kompyuta ikizima, bado unajua unavuta nini, na unaweza kupanda ukiongeza oksijeni kwa kidole. Ni mtambo mgumu, usio na mbwembwe.

2. Inspiration ya AP Diving (Uingereza). Iko sokoni tangu 1997, na imeikaribia sana ya kwanza. Ina vidhibiti viwili vya oksijeni, kimoja kikifa kingine kinashika kazi. Pia ina kijiti kinachopima joto ndani ya chokaa na kukuonyesha sehemu inayofanya kazi imefika wapi. Kumbuka kwamba kijiti hicho kinapima joto, hakipimi kaboni dayoksaidi. Ukiijaza chokaa vibaya ikaacha njia ya pumzi kupita pembeni, usikitegemee kikuokoe.

3. Poseidon Se7en (Sweden). Inajikagua yenyewe kabla ya kuzama, na isiporidhika inakukataza kuingia majini. Vali ya dharura imo tayari kwenye kipande cha mdomoni. Kwa anayeanza ningeipandisha hadi ya kwanza. Mimi nimeishusha kwa sababu ikigoma asubuhi ya safari pale Shimoni, fundi wake hayuko karibu.

4. KISS na nyingine za kuongeza oksijeni kwa mkono. Ina vifaa vichache vya kuharibika, lakini usalama wote uko machoni pako. Ukisahau kusoma kipimo kwa dakika chache, hakuna wa kukusaidia. Usianze nayo.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa huku juu. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni takriban baa 0.82. Nilipokuwa nakagua mtambo wa mitumba mtaani Kilimani, kihisi kilisoma milivolti 8 hewani nikadhani kimechoka. Kumbe kingesoma karibu 10 Mombasa. Hatari kubwa ni kusawazisha vihisi nyumbani kwa oksijeni tupu na kuuambia mtambo kwamba hiyo ni 1.0, wakati ni 0.82. Ukifika Diani skrini itakuonyesha 1.3 na wewe unavuta kama 1.07. Nitrojeni inaingia mwilini zaidi ya hesabu yako, na hivyo ndivyo mtu anavyopata ugonjwa wa mgandamizo, yaani mapovu ya gesi mwilini anapopanda, akiamini amefuata sheria. Muulize muuzaji: mtambo huu unapima presha ya mahali wenyewe? Hata akisema ndiyo, sawazisha tena pwani.

Ukinunua ya mitumba, soma tarehe kwenye kila kihisi. Vya kawaida hubadilishwa baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hata kama mtambo ulikaa kabatini. Vya kuagiza huanza kuzeeka tangu kiwandani, basi usiweke akiba ya miaka miwili. Tafuta pia alama ya CE kwa kiwango cha EN 14143, kile cha Ulaya cha ribridha.

Na siku ya mwisho ya mbizi, usikimbilie treni ya jioni kutoka Miritini, stesheni ya Mombasa. Syokimau, inakoishia Nairobi, ni mlimani kwa mwili uliojaa nitrojeni. Ngoja angalau saa 18 baada ya siku kadhaa za kuzama, na zaidi kama ulilazimika kusimama majini ukipanda ili kupunguza gesi mwilini. Lala Likoni, uje na treni ya kesho yake jioni.