TAHADHARI: Kazi ya kulaiki video inayokulipa kwanza ndiyo itakayokuliza

Ndugu zangu mnaotafuta kazi ya kufanya nyumbani, naomba mnisome hadi mwisho. Mwezi uliopita nimetapeliwa akiba yangu yote, na nawaona wenzangu wakiitwa kwenye mtego uleule.

Ujumbe uliingia WhatsApp kutoka namba nisiyoijua. Dada mmoja mpole sana, akitumia jina la kampuni inayojulikana, akasema wanatafuta watu wa kulaiki video na kuzipa hoteli nyota. Nusu saa kwa siku, simu inatosha. Hakuniuliza nimesoma nini wala nimewahi kufanya kazi wapi. Siku ya kwanza nililipwa. Ilikuwa pesa ndogo, lakini niliitoa na ikafika kweli, na hapo shaka yote ikanitoka. Kumbe ndicho chambo chenyewe.

Siku ya tatu nikahamishiwa kundi la Telegram na kupewa "kazi maalumu" yenye kamisheni kubwa, ila lazima nitangulize pesa, tena kwa sarafu za kidijitali, ambazo ukishazituma hakuna wa kukurudishia. Kazi tatu zikapita salama. Ya nne ikageuza salio langu kuwa jekundu, na alama ya kutoa mbele yake. "Jazia tu hiyo tofauti, utatoa zote kwa pamoja." Nikajazia. Ikaja nyingine kubwa zaidi. Nilipogoma, wakadai kodi ya kutolea pesa.

Kundini watu walikuwa wanatuma picha za malipo na shukrani. Niliporudi juu kusoma upya, nikakuta watu wawili wameandika sentensi ileile, hadi herufi iliyokosewa ni ileile. Walikuwa wao kwa wao. Na lile salio ni tarakimu walizoziandika wenyewe, nyuma yake hapana kitu. Kampuni yenye jina lile nimeiandikia kupitia tovuti yake halisi, wakajibu kwamba hawaajiri kwa WhatsApp. Swali hilo ningeliuliza siku ya kwanza, nisingepoteza kitu.

Tuko wengi. FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, haikuwa na lalamiko hata moja la utapeli wa namna hii mwaka 2020. Mwaka 2023 yalifika kama 5,000, na nusu ya kwanza ya 2024 peke yake yalikaribia 20,000. Hao ni waliosema. Wengi wananyamaza kwa aibu.

Mwajiri wa kweli anakulipa wewe, hakudai ada ya usajili, mafunzo wala vifaa. Anayejiita mwajiri akikutumia hundi kubwa kuliko mlichokubaliana na kutaka umrudishie kinachozidi, achana naye: benki ikija kugundua ni bandia, deni ni lako. Mbaya kuliko zote ni "kazi" ya kupokea pesa kwenye akaunti yako au vifurushi nyumbani kwako ili uvitume kwingine. Mara nyingi ni mali ya wizi, na polisi wakifuatilia wanakuta jina lako.

Ukishaingia, usiongeze hata senti moja. Hifadhi mazungumzo yote, kisha nenda benki na polisi siku hiyohiyo.

Juzi ameniandikia mwingine, eti ni wakili anayewarudishia watu pesa zilizoibwa, nimtumie kwanza gharama za kufungua faili. Nimemzuia. Mkilizwa, huyo naye atakuja. Msimjibu.